Kiswahili cha Kambini: Maisha na Nyakati za Askari Mmoja wa Koboko

Tunapofundisha historia ya Kiswahili nchini Uganda, kwa kawaida huanza na misafara ya wafanyabiashara iliyofika Buganda katika karne ya 19. Kisha huingia kwa wamishenari, tukagusia mjadala wa wakati wa ukoloni, na hatimaye tukamalizia na katiba. Katika masimulizi hayo askari hutengewa sentensi moja tu, nayo ni ya lawama: kwamba askari ndiye aliyekichafua Kiswahili hadi wananchi wengi wakakiita lugha ya wezi na wauaji. Wanafunzi wetu huiandika sentensi hiyo katika mitihani bila kusita, na sisi walimu huwapa alama zao.

Makala haya yanakusudia kumrudisha askari huyo darasani ili tumsikilize. Hatumzungumzii jenerali wala rais. Tunamzungumzia askari wa kawaida kutoka Koboko, dereva wa lori, ambaye alilitumikia jeshi kwa miaka 20 bila kuvuka cheo cha koplo, na ambaye alifariki mwaka 2017 akiwa bado anasubiri kiinua mgongo chake. Kwa heshima ya familia yake hatutalitaja jina lake. Tutamwita Mzee, kama tulivyozoea kumwita tulipokuwa tukienda kwake na kinasa sauti, tukakaa chini ya mwembe wake kando ya barabara iendayo Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini.

Keya yafika West Nile

Jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya kutokana na herufi zake KAR, liliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda. Kikosi cha Uganda kilikuwa na mizizi karibu sana na kwetu. Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta chini ya serikali ya Misri, aliweka makao yake Wadelai, ukingoni mwa Mto Nile, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya West Nile. Alipoondoka pamoja na Stanley mwaka 1889, askari wake wengi walibaki nyuma. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwafuata Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawaandikisha askari waliokuwa chini ya Selim Bey. Askari hao na familia zao ni miongoni mwa mababu wa jumuiya ya Wanubi, na Kinubi chao ni Kiarabu kilichozaliwa na kulelewa kambini.

Mwanafunzi anayetaka kuiona historia hiyo hana haja ya kwenda makumbusho. Na afungue kamusi. Neno afande linatokana na cheo cha Kituruki kilichopita katika jeshi la Misri na Sudani. Ombasha, yaani koplo, maana yake ya asili kwa Kituruki ni mkuu wa watu kumi. Bimbashi ni mkuu wa watu elfu moja. Shaushi, yaani sajini, nalo lilipita njia hiyo hiyo. Waingereza nao walipoingia waliongeza yao, na vinywa vya askari vikayatengeneza upya: kuruta, gwaride, kombania, korokoroni. Kwa hiyo msamiati wa jeshi letu unaonyesha ni nani alimwamuru nani, na kwa zamu gani.

Eneo la West Nile lenyewe lilibadilishwa mikono mara kadhaa katika miaka michache. Lilikuwa sehemu ya Lado, iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji hadi alipofariki mwaka 1909. Mwaka 1910 Lado ikawekwa chini ya Sudani, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda na kituo cha serikali kikajengwa Arua. Wenyeji wengi husimulia kwamba jina la mji huo limetokana na neno la Kilugbara lenye maana ya jela. Hata ikiwa ni hadithi tu, imedumu kwa sababu inaeleza jinsi watu walivyoiona serikali ilipofika.

Serikali hiyo iliitazama West Nile kama ghala la nguvukazi. Kusini mwa nchi kulikuwa na pamba, kahawa na baadaye mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi. Kaskazini kulikuwa na vijana. Kijana wa Koboko aliyehitaji fedha za kodi na mahari alikuwa na njia mbili kubwa, panga la kukatia miwa au bunduki ya Keya. Tukumbuke kwamba njia zote mbili zilikuwa za Kiswahili, kwa sababu mnyapara na sajini walikuwa wakitumia lugha moja.

Vita Vikuu vya Pili vikaipanua njia ya bunduki. Zaidi ya watu 300,000 kutoka Afrika Mashariki waliandikishwa, baadhi yao wakapigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Baba mkubwa wa Mzee alikuwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyopita bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua zisizokoma hadi mto Chindwin. Alirudi Koboko akiwa na koti zito, nishani moja na Kiswahili. Koti liliisha na nishani ikapotea wakati wa kukimbia vita vya nyumbani. Kiswahili ndicho alichomwachia mtoto wa nduguye, kwa kumwamuru kwacho kila asubuhi afungue mbuzi.

Kuruta wa Jinja

Mzee alizaliwa karibu na mwaka 1940. Tarehe hakuijua, na hata jeshi lilimkadiria umri kwa macho. Alianza kwa kukata miwa Kakira. Mwaka 1959 alirudi nyumbani kusalimia, akakuta maofisa wa Keya wamekuja kuandikisha vijana. Walipangwa mstari uwanjani, wakapimwa urefu na kifua, wakaambiwa wakimbie. Alichaguliwa, akapandishwa lori kwenda Jinja, makao ya batalioni ya 4.

Katika bweni lake kulikuwa na Wakakwa, Walugbara, Wamadi, Waacholi, Walango na Waiteso. Wanaisimu wenzetu wataona mara moja ugumu wa hali hiyo: Kikakwa na Kiteso ni lugha za Kiniloti cha Mashariki, Kiacholi na Kilango ni za Kiniloti cha Magharibi, na Kilugbara na Kimadi ziko katika jamii nyingine kabisa. Hapakuwa na lugha ya nyumbani iliyoweza kuwaunganisha vijana hao. Maofisa wa Kizungu nao walitakiwa kujifunza Kiswahili na kufanya mtihani wake. Hivyo kila mtu aliyeingia katika uwanja wa gwaride, mweusi kwa mweupe, alikuwa anatumia lugha ya kuazima.

Kiswahili walichokijenga ndicho kiitwacho Kikeya. Ngeli zake zilipunguzwa hadi zikabaki chache. Watu, viti na magari vikakubaliana kwa namna moja. Ukanushi ulifanywa kwa neno hapana, kwa mfano, "mimi hapana jua" badala ya "sijui". Viambishi vya nafsi vilidondoshwa mara kwa mara. Mzee alikizungumza hivyo hadi mwisho wa maisha yake. Siku moja tulikwenda kwake na wanafunzi watatu, na mmoja wao akashindwa kuzuia kicheko aliposikia "ile watu nakwenda". Mzee hakukasirika. Alimtazama kijana huyo, akasema:

"Nyinyi nasoma Kiswahili kwa kitabu. Sisi nasoma kwa kiboko."

Tulirudi Arua kimya. Sisi wenyewe tulipokwenda Dar es Salaam kusomea shahada ya uzamili tulichekwa kwa makosa kama hayo, na tulifanya bidii ya kuyafuta katika ndimi zetu. Hatukujiuliza hata mara moja tulikuwa tumeyatoa wapi. Tuliyatoa kwa wazee kama huyu.

Rafiki wa kitanda cha pili

Kitanda cha pili kutoka cha Mzee alilala kijana Mwacholi, kuruta mwenzake. Walifundishwa udereva pamoja. Walikuwa wakigawana sabuni, sigara na, zilipofika siku za baridi za safari, blanketi. Mzee hakujua Kiacholi na mwenzake hakujua Kikakwa. Kila walichoambiana kwa miaka 11, mizaha, madeni, habari za wachumba na misiba ya nyumbani, walikiambiana kwa Kiswahili. Jambo hili tunaomba wasomaji wetu walitie akilini. Tumezoea kusema kwamba Kikeya kilikuwa lugha ya amri tu. Kwa vijana hawa wawili kilikuwa pia lugha ya urafiki, na hawakuwa na nyingine.

Walikuwa pamoja tarehe 9 Oktoba 1962 Uganda ilipopata uhuru na batalioni yao ikabadilishwa jina kuwa Uganda Rifles. Walikuwa pamoja Januari 1964, askari wa Jinja walipogoma wakidai mishahara na kumzuia waziri Felix Onama, naye akiwa mzaliwa wa West Nile. Majeshi ya Uingereza yaliitwa kutoka Kenya kuuzima mgomo huo, lakini mishahara ilipandishwa sana. Mzee alisema kwamba mwezi huo walinunua redio moja kwa shirika, ikawa inakaa wiki kwa huyu na wiki kwa yule.

Mei 1966 jeshi liliposhambulia Lubiri, jumba la Kabaka, chini ya uongozi wa Kanali Idi Amin, Mzee alikuwa Karamoja na lori lake la chakula. Hakupiga risasi Mengo. Lakini alieleza kwamba tangu mwaka huo, kila aliposema Kiswahili dukani Kampala, watu walinyamaza. Hapa historia ya lugha inabidi iongezewe kitu. Ni kweli kwamba upinzani dhidi ya Kiswahili nchini Buganda ulikuwapo kabla. Gavana Gowers alipokipigia debe mwaka 1927, Kabaka Daudi Chwa alikipinga hadharani mwaka 1929, na kufikia mwaka 1952 Kiswahili kilikuwa kimeondolewa katika lugha zinazotambuliwa shuleni, kikabaki kwa polisi na jeshi. Uamuzi huo ndio uliokifungia kambini. Lugha iliyofukuzwa shuleni na kuachwa mikononi mwa wenye bunduki peke yao haiwezi kulaumiwa kwa kunuka baruti.

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin, aliyekuwa Mkakwa kama Mzee, alichukua serikali. Katika miezi iliyofuata askari wengi wa Kiacholi na Kilango waliuawa makambini, Jinja ikiwa mojawapo. Tulipofika hapa katika mahojiano, Mzee alituomba tuzime kinasa sauti. Kisha akaacha Kiswahili. Alisimulia kwa Kikakwa, taratibu, akimtazama mkewe zaidi kuliko sisi.

Usiku mmoja majina yalisomwa. Rafiki yake alitoka na viatu mkononi kwa sababu hakupewa nafasi ya kuvifunga. Mzee alikuwa macho. Funguo za lori zilikuwa mfukoni mwake, na asubuhi alikuta zimetumiwa zile za akiba, lori likiwa na matope. Aliamriwa kulisafisha. Alilisafisha.

Tulimuuliza kwa nini hakutaka kulisema hilo kwa Kiswahili. Alijibu kwamba mtu aliyekuwa akizungumza naye Kiswahili cha mambo ya moyoni ndiye aliyeondoka usiku ule, na tangu hapo kwake Kiswahili kilirudi kuwa cha kazi tu. Tuliruhusiwa na familia kuyaandika haya baada ya kifo chake. Hatuyaandiki ili kumsafisha wala kumhukumu. Yeye mwenyewe hakuwahi kusema kwamba hakuwa na la kufanya. Alisema tu: "Nilisafisha."

Bubu kizuizini

Mwaka 1973 Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mzee aliisikia habari hiyo redioni na akafurahi, kwa kuwa aliona kwamba sasa hata yeye alikuwa msomi wa kitu fulani. Lakini ilikuwa furaha yenye ubaya ndani yake. Walimu na vitabu vya kutosha havikuwapo, na miaka hiyo hiyo wananchi walikuwa wakikisikia Kiswahili katika vizuizi vya barabarani na milango iliyogongwa usiku. Tangazo lilikiweka juu kwa karatasi huku vitendo vikikishusha.

Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yalivamia Kagera nchini Tanzania. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka. Mzee aliliendesha lori lake kuelekea kaskazini hadi mafuta yalipokwisha, akaliacha barabarani, akavua sare na kuvuka Nile Pakwach akiwa na fulana na suruali aliyopewa na mvuvi. Aliwasili Koboko kwa miguu.

Majeshi ya Tanzania yalifika West Nile katikati ya mwaka huo. Wazee wengi wa kwetu wanayakumbuka kwa nidhamu yao. Kwa majuma kadhaa Mzee alijificha shambani, kisha njaa ikamtoa hadi sokoni. Pale akakutana uso kwa uso na kijana wa Kitanzania mwenye bunduki. Alinyoosha mikono. Kijana yule akasema, "Shikamoo, mzee."

Mzee hakujua jibu lake. Katika miaka 20 ya Kiswahili hakuwahi kufundishwa neno hilo, kwani Keya haikuwa na haja nalo. Muuza chumvi mmoja aliyewahi kuishi Mombasa akamnong'oneza: "Sema marahaba." Alisema marahaba. Kijana akaomba maji, akanywa, akaenda zake. Mpenzi msomaji, kila tulipomwamkia Mzee kwa shikamoo, alinyoosha mgongo kabla ya kuitika, na sisi tulidhani ni mazoea ya gwaride. Baada ya kusikia kisa hiki tulielewa. Ndiyo siku aliyogundua kwamba kulikuwa na Kiswahili kingine, na kwamba mwenye bunduki angeweza kumwamkia mtu.

Utulivu huo haukudumu. Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin walishambulia kutoka Sudani, wakaingia Koboko na Arua. Jeshi la UNLA lililofuata kuurudisha mkoa lililipiza kisasi kwa raia. Vijiji vilichomwa, na karibu watu wote wa Koboko wakakimbilia Sudani na Zaire. Waliobaki Arua hawakuwa salama. Tarehe 24 Juni 1981 makumi ya raia waliokimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci waliuawa.

Mzee aliondoka na mkewe na watoto wanne. Kwenye kizuizi cha kwanza mkewe aliwaambia askari kwamba mumewe ni bubu. Kwa siku mbili hakufungua kinywa, kwa sababu neno moja tu la Kikeya lingetosha kumtambulisha kuwa alikuwa askari wa Amin. Na bado, alisema, askari waliokuwa wakimpekua walikuwa wakizungumza Kikeya kile kile, wengine kwa sauti za Kiacholi alizozijua tangu Jinja. Alikuwa akimtafuta mmoja kati yao kwa macho, ingawa alijua hangemwona.

Sisi tulizaliwa katika uhamisho huo. Watoto wa rika letu tulisikia Kiarabu cha Juba sokoni na Kikakwa nyumbani, na Kiswahili tulikisikia kwa wazee wa aina yake waliokuwa wakitufundisha kuhesabu kwa kutupanga mstari. "Moja, mbili, geuka!" Huo ndio ulikuwa mtaala wetu wa kwanza. Tulirudi Uganda katika miaka ya baada ya 1986, vita vya Sudani vilipotufikia kambini na nyumbani kulipokuwa na serikali mpya. Tulikuta miti imemea ndani ya nyumba.

Faili la bluu

Mzee alikuwa ameondoka jeshini bila kuachishwa. Hakuwa na barua wala hesabu ya utumishi wake. Alichobaki nacho ni namba yake ya jeshi, ambayo aliisema kwa Kiingereza, tarakimu kwa tarakimu, hata alipokuwa mgonjwa na kusahau majina ya wajukuu.

Miaka ya 1990 ilimjaribu tena. Kundi la West Nile Bank Front la Juma Oris lilipigana na serikali kati ya miaka ya 1994 na 1997, barabara zikategwa mabomu na vijana wakachukuliwa. Askari wa zamani alitiliwa shaka na pande zote mbili. Mzee alifuatwa usiku na watu waliotaka dereva mzoefu. Aliwaambia kwamba macho yake yameharibika. Tangu siku hiyo alivaa miwani asiyoihitaji, na ndiyo aliyoivaa hadi alipoihitaji kweli. Sheria ya msamaha ya mwaka 2000 na mkataba wa Desemba 2002 kati ya serikali na kundi la UNRF II ndivyo vilivyoleta utulivu katika eneo letu.

Ndipo akaanza safari za faili. Askari wa zamani wa Jeshi la Uganda wamedai kiinua mgongo kwa miaka mingi. Baadhi wamelipwa, wengine wamekufa wakihakikiwa. Mzee alinunua faili la bluu Arua, akaweka ndani nakala ya kitambulisho, barua ya mwenyekiti wa kijiji na picha moja ya Jinja iliyokuwa imehifadhiwa na shemeji yake Zaire. Katika picha hiyo wako vijana wawili mbele ya lori. Ofisi moja ilimtaka alete shahidi aliyetumikia naye tangu mwanzo. Alionyesha picha. "Huyu najua mimi yote," alisema. "Nyinyi itani yeye."

Hawakuelewa. Faili liko kwa binti yake mpaka leo.

Deni letu

Tumeyasimulia haya kwa urefu kwa sababu wakati wa Kiswahili nchini Uganda umebadilika. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitumike rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wetu wataulizwa na wazazi: Kiswahili hiki si kile cha askari? Tusiwajibu kwa kusema la hasha, kana kwamba tuna aibu nacho. Tuwajibu kwamba ni hicho pia, na kwamba askari wenyewe walikuwa watu. Kwa lugha hiyo watu walitishwa na kuporwa, hilo hatuwezi kulificha. Kwa lugha hiyo hiyo Mkakwa na Mwacholi waligawana blanketi. Aliyewatenganisha hakuwa Kiswahili.

Pili, tusiwafundishe wanafunzi wetu kucheka. Kusahihisha ngeli ni kazi yetu, na Sanifu ndiyo lugha ya mtihani. Lakini "mimi hapana jua" si ujinga. Ni mfumo wenye kanuni na tarehe zake, uliojengwa na watu waliotoka katika jamii tatu za lugha bila mwalimu wala ubao. Mwanafunzi wa isimu wa Arua ana hazina hiyo katika boma la babu yake, wakati wenzake wa nchi nyingine wanaisoma katika vitabu.

Tatu, muda haupo. Waliopigana Burma karibu wote wamekwisha, na walioingia Keya kabla ya uhuru wamepita miaka 80. Tunatoa wito kwa kila mwanafunzi wetu anayekwenda likizo Koboko, Maracha, Yumbe au Arua amtafute mzee mmoja wa jeshi, au mjane wake, na amrekodi kwa simu yake. Amuulize maneno ya kambini, nyimbo za safari, majina ya vyakula na vyeo. Na mzee akiomba kinasa sauti kizimwe, kizimwe.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Leo West Nile, iliyowahi kuwakimbiza watu wake wote, inawapokea wakimbizi wa Sudan Kusini katika Bidibidi na Rhino Camp, na wa Kongo huko Lobule, Koboko. Watoto wao hufika wakiwa na Kiarabu cha Juba, Kibangala na Kingwana. Wiki chache kabla ya kifo chake tulimkuta Mzee akiwa na watoto wanane wa aina hiyo chini ya mwembe, akiwafundisha kuhesabu. Aliwapanga mstari, kama alivyotupanga sisi. Lakini kabla ya moja, mbili, geuka, alipita mbele yao akiegemea fimbo, akamtaka kila mmoja amwamkie shikamoo, na kila mmoja akamwitikia marahaba kwa jina lake.